Kadi ya Mwisho ya Mkaguzi Kuwabara

Baba yangu hakuwahi kusema kwamba analipenda gari lake. Alikuwa akisema linamtosha. Mama, aliyeishi naye miaka hamsini na mmoja, hakuwahi kusikia hata kwamba yeye anamtosha, kwa hiyo sote tulijua nani ameshika nafasi ya kwanza pale nyumbani.

Gari lenyewe, ukilitupia jicho tu, utasema ni la mama wa nyumbani. Enaga ni kigari cha milango mitano kilichojaa kila mtaa hapa mjini Numata, Japani: hupeleka matufaha sokoni, watoto chekechea na bibi hospitali. Limepewa jina la ndege mdogo mweupe na halimtishi mtu. Lakini la Baba lilikuwa Enaga S, na S ni ndugu wa tumbo moja aliyepelekwa jeshini. Bodi ni ile ile na taa ni zile zile. Asiyejua ataona alama nyekundu nyuma na kibawa juu ya kioo, basi. Anayejua ataanza kukuhesabia: springi ngumu zinazokusomea kila kokoto, gia zile zile sita ila zilizokaribiana, difu inayoyashika magurudumu ya mbele yasiteleze kwenye kona, na injini ambayo haina haraka ya kuchoka. Ile ya kawaida hukata pumzi mshale wa resi ukifika mizunguko elfu sita na nusu kwa dakika. Ya S hapo ndipo inapofungua kifua, na inaimba hadi elfu nane na mia nne.

Baba alijua kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiyapitisha magari hayo. Alifanya kazi kiwandani yanakotengenezwa miaka thelathini na mmoja, na kumi ya mwisho alikuwa mkaguzi kwenye uwanja wa majaribio. Kila S iliyotoka ilipita kwanza chini ya makalio yake, mizunguko mitatu. Nimesema makalio kwa sababu yeye ndivyo alivyosema. "Gari husomwa kwa makalio," alikuwa akitufundisha mezani, na Mama akimkumbusha kwamba tunakula. Mkaguzi hakuruhusiwa kufungua boneti, hiyo ni kazi ya fundi. Mkaguzi anaendesha, anashuka, anaandika kadi, anapiga muhuri: limepita, au limerudishwa. Na akimuuliza fundi amegusa nini, fundi anajibu kweli tupu, maana kadi ikikosea mtu anakufa barabarani. Hata alipostaafu alibaki vilevile. Tangu nilipoanza kulihudumia gari lake, hakuwahi kunyanyua boneti baada yangu, ila likigoma kabisa kuwaka.

Mimi ni Chizuru, mtoto wao wa pekee, nina miaka arobaini na saba na gereji hatua mia mbili kutoka kwao. Siku nilipoifungua Baba alikuja mikono mitupu, akazunguka, akagusa jeki, akasema, "Watu wadanganye ukitaka, Chizu. Ila usimdanganye mtu kuhusu gari lake." Kisha akaenda zake. Neno lile nililishika miaka ishirini na miwili.

Alipotimiza sabini na nane alianza kupotea. Mara ya kwanza alikwenda kununua tofu ya soya asubuhi, akarudi jioni na ndizi badala ya tofu, kioo cha pembeni kinaning'inia. Alisema barabara ilifungwa. Ni barabara ya hatua mia nne. Tuliweka ndizi mezani, tukajifanya tulitaka ndizi tangu mwanzo.

Mara ya pili ilikuwa mwezi wa tano, kwenye kivuko cha shule ya msingi. Bi. Hoshina husimama pale kila asubuhi na bendera ya njano kuvusha watoto. Ni mama wa miaka sabini, halipwi kitu, na kwa miaka tisa hajakosa hata siku ya theluji. Baba hakusimama. Kioo cha pembeni cha gari kilivunja mti wa bendera mkononi mwake, na nyuma ya mgongo wake walikuwa watoto sita na kofia zao za njano.

Bi. Hoshina hakwenda polisi. Alikuja gereji kwangu na vipande viwili vya mti, akainama kana kwamba mkosaji ni yeye.

"Samahani sana kukukatiza kazi, Chizuru. Pengine mimi ndiye niliyesimama mbele mno."

Niliinama chini zaidi yake, naye akainama chini zaidi yangu, tukaendelea hivyo mpaka mgongo ukauma. Jioni nilimkabili Baba.

"Bendera ilikuwa chini," alisema.

"Imevunjika, Baba. Ilikuwa juu ndiyo maana imevunjika."

"Basi wanunue imara."

Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili lilikuwa sikio la baba yangu, nikaendelea kuliimbia. Daktari alisema hali ya kusahau ndiyo inaanza, na tumshauri. Mtihani wa kumbukumbu wa wazee, ule wa kupewa leseni upya, alikuwa ameufanya mwaka uliopita na kushinda. Mwingine ungekuja baada ya miaka miwili. Polisi walituambia kwa heshima zote kwamba kurudisha leseni ni hiari ya mwenyewe, tuzungumze naye kwa upole, wakatupa kijitabu chenye picha ya bibi anayecheka ndani ya basi. Baba alikitumia kufungia plagi chakavu.

Basi tukaingia njia za panya. Nilichomoa waya wa betri, akaurudisha kabla Mama hajamaliza kuosha vikombe. Nilitoa fyuzi, akahamisha ya redio. Tulificha ufunguo, kumbe alikuwa na mwingine nyuma ya picha ya marehemu Babu kwenye madhabahu ya nyumbani. "Mimi na mzee tunaelewana," alisema. Mama alificha leseni yenyewe, Baba akaendesha bila leseni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa mtu anayeuliza mara tatu kama amekunywa chai, lakini fyuzi aliipata kwa kupapasa. Mikono yake ilikuwa haijaambiwa kwamba kichwa kinaumwa.

Mama alikuja gereji siku moja na aproni yake, akakaa juu ya tairi.

"Mimi siogopi afe yeye," alisema. "Nione mbaya ukitaka. Ninachoogopa ni kwenda kwenye mazishi ya mtoto, nikainame mbele ya mama yake, halafu nirudi nyumbani nimkute Baba Chizuru ananiuliza tulikuwa wapi."

Nilimwambia nitafanya kitu. Sikuwa na kitu.

Aliyekuwa nacho ni Onodera. Huyu alikuwa chini ya Baba kiwandani, na sasa ana yadi ya magari mabovu nje ya mji. Nilimkuta anakula tambi za soba zilizopoa, nikammwagia yote. Alitafuna, akafikiri.

"Kila kibovu mzee Kuwabara anakitengeneza," alisema. "Mpe kizima."

"Kizima gani tena?"

"Kizima cha kawaida. Nina Enaga ya bibi mmoja wa Kawaba, imegongwa nyuma, injini nzima kabisa, haijawahi hata kupigiwa kelele. Hamisha injini, giaboksi na springi, bodi ibaki ya mzee. Gari zima halina cha kutengenezwa, dada. Atahangaika nalo wiki, litamchosha, ataliacha mwenyewe." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Akijua nilisema mimi, nitahama mkoa."

Najua, najua. Gari la kawaida nalo huua, na mtoto hagongwi na S wala alama nyekundu. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilikuwa nimekwisha kunywa maji mengi. Nilijiambia, angalau litakuwa zito la kuondoka. Angalau hataupandisha mshale hadi elfu nane mbele ya shule.

Mwezi wa sita ukaguzi wa serikali wa kila miaka miwili ulifika, na Baba alileta gari mwenyewe kama kawaida, limeoshwa. Nilimwambia kuna kipuri nakingoja. Nilikaa nalo siku tisa. Nilitoa moyo wa S, nikaufunika turubai kwenye kona ya gereji, nikatia ule wa bibi wa Kawaba. Kifuniko cha injini kilikuwa cheusi, nikakipaka nyekundu kama cha S. Nilitoa giaboksi na difu yake. Nilitoa springi, shokapu na ile nondo nene ya chini inayozuia gari lisiegemee. Breki niliziacha, nikatia padi mpya tu. Breki za S ni kubwa na nzuri, nami nilikuwa mwongo, sikuwa mwendawazimu. Kisha nikaenda ofisi ya usafirishaji nikaandikisha injini nyingine, maana katika nchi hii hata udanganyifu una fomu yake, na nilizijaza zote. Hati mpya niliirudisha kwenye bahasha garini. Baba hajawahi kusoma karatasi aliyoandika mtu mwingine.

Nililijaribu mwenyewe hadi kituo cha treni na kurudi. Lilikuwa gari zuri la kumpeleka bibi hospitali. Niliona aibu kwenye taa nyekundu, na hakuna aliyekuwa akinitazama.

Nilipomrudishia, alilizunguka mara moja, akapita kidole kwenye ule mkwaruzo wa mlango ambao ni wangu wa mwaka wa kwanza wa leseni. Akaingia, akarekebisha kiti ambacho hakikuwa kimesogezwa. "Panda," akaniambia. Tulipita duka la pombe ya sake, tukapita daraja, tukashika barabara ya mlimani ya Akaiwa. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baada ya ya tatu alisimama pembeni, akaacha injini ikinguruma, mikono juu ya usukani.

"Umegusa nini?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na aliniuliza kwa sauti ile ya kiwandani. Sikuwahi kuulizwa hivyo maishani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa matusi, kwa kushushwa garini. Sikuwa nimejiandaa kuaminiwa.

"Oili, Baba. Na padi za breki."

"Springi?"

"Sijagusa."

"Injini?"

"Plagi tu."

Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali. "Sawa," alisema, na akageuza gari.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nilitamani ingekuwa fupi. Nilingoja wiki nzima alipuke, anyanyue boneti, akwangue ile rangi kwa kucha. Hakunyanyua. Fundi ameulizwa, fundi amejibu, na gari linawaka. Alichofanya ni kuendesha. Kila asubuhi njia ile ile, daraja, Akaiwa, kona tatu, kurudi. Mama alisema akirudi anakaa garini kwa muda mikono ikiwa kwenye usukani. Siku moja aliondoa mto wa kiti. Siku nyingine alivaa viatu vyake vya zamani vya soli nyembamba. Akabadilisha glavu. Akapima upepo wa tairi, akaupima tena. Kisha akaenda kwa mchoma sindano wa tiba ya Kichina wa mtaa wa pili, akamwambia amchome makalioni.

"Yanauma?" mchoma sindano alimuuliza. Mama alikuwepo.

"Hayaumi," alisema Baba. "Ndiyo shida."

Mama alinisimulia huku akijaribu kucheka. Nami nilicheka kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu nilikuwa bado sijaelewa anachokifanya. Nilidhani analichunguza gari.

Mwezi wa saba, Bi. Hoshina alikuja tena. Safari hii bendera ilikuwa nzima. Alisema Baba amepita tena kivukoni bila kusimama, ila mwendo ulikuwa mdogo, alipata nafasi ya kuwavuta watoto nyuma. Alinishukuru kwa ule mwendo mdogo. Alinishukuru kweli, akaniletea na matango yaliyolowekwa kwenye chumvi. Alipoondoka nilikaa chini sakafuni kwenye oili. Mbinu zote zilikuwa zimekwisha, na ile ya mwisho, iliyonigharimu neno la baba yangu, ilikuwa imenunua sekunde mbili.

Siku mbili baadaye, Alhamisi, Baba alikuja gereji kwa miguu.

Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona akitembea barabarani. Alikuwa amevaa jaketi lake la kiwandani, limefungwa vifungo vyote katika joto lile, na kofia. Alisafisha kona ya meza yangu kwa kitambaa, akaweka kadi. Ilikuwa kadi ya ukaguzi ya zamani, ya manjano. Sikujua kwamba alibaki nazo. Ilikuwa imejazwa kwa ule mwandiko wake ulionyooka. Niliisoma nimesimama.

*Gari: Enaga S. Fundi: Kuwabara Chizuru. Fundi amethibitisha hakuna kilichobadilishwa.*

*Kokoto za darajani: sizisikii. Zamani nilizihesabu.*

*Akaiwa, kona ya tatu: gurudumu la ndani linateleza. Mguu wangu unakanyaga vibaya, sijui vipi.*

*Gia ya pili kwenda ya tatu: naona pengo. Mkono unachelewa.*

*Mwili unaegemea nje kwenye kona. Kiuno hakina nguvu.*

*Injini: baada ya elfu sita siisikii tena. Masikio.*

*Breki: nazihisi kama zamani. Sijui kwa nini hizo tu.*

*Uamuzi: gari limepita. Dereva amerudishwa.*

Chini yake muhuri wake mwekundu, ule wa kazini, umepigwa sawasawa bila kuinama.

Nilisoma mara mbili. Hakukosea hata mstari mmoja. Springi, difu, giaboksi, nondo ya chini, injini. Mimi niliyeifanya kazi ile kwa mikono yangu nisingeweza kuiandika kwa usahihi hivyo. Mzee asiyekumbuka kama amekunywa chai alikuwa ameyasoma yote kwa makalio, akaniletea orodha ya uongo wangu na kuweka jina lake mahali pa langu.

"Nimefikiri hivi," alisema. "Ama gari limebadilika, ama mimi. Gari hujaligusa. Na wewe hudanganyi kuhusu gari. Kwa hiyo hesabu ni nyepesi."

"Baba."

"Ngoja. Daktari nilimdharau. Wakati wa mtihani walinionyesha picha za simba na ngoma na zabibu, nikazikumbuka, nikasema wajinga ni wao. Hapa sina la kubishana." Aliigonga kadi kwa kidole. "Ningepewa dereva kama huyu kiwandani, nisingempa hata baiskeli. Nipeleke polisi, Chizu. Nataka niende nikiwa bado najua naenda kufanya nini."

Nilifungua mdomo. Nataka ijulikane kwamba niliufungua. Maneno yalikuwa matatu tu, nimebadilisha injini Baba, na yangemrudishia kila kitu: masikio yake, kiuno chake, mguu wake. Na ufunguo pia. Kesho yake asubuhi angeshika njia ya shule, mzima wa makalio na mgonjwa wa kichwa, na Bi. Hoshina angekuwa amesimama pale na bendera mpya. Turubai ilikuwa hatua tano nyuma ya mgongo wake. Nilifunga mdomo nikaenda kunawa mikono.

Kituoni askari wa kike, binti mdogo, alimpongeza kwa miaka sitini ya kuendesha. Baba aliitoa leseni kwa mikono miwili, akainama. Walimpa cheti na tiketi za basi. Kwenye gari langu, wakati wa kurudi, alikishika kile cheti magotini kwa uangalifu, kama mtoto aliyetoka shule na mchoro.

Mama alilia kwa furaha siku ile. Sikumwambia kadi ilisema nini hadi wiki ya pili, alipokuja yeye mwenyewe kuuliza.

"Umemfanya nini?" alisema. "Jana kaniuliza kama maji ya kuoga ni ya moto. Alikuwa ameingia tayari, Chizuru. Amekaa ndani ya maji, ananiuliza mimi. Supu ya miso ananiuliza kama ina chumvi. Nikamwambia onja. Akasema, kuonja nimeonja, lakini mimi ni wa kuaminiwa?"

Nilimpa kadi akasoma. Mama si mtu wa magari, lakini alitazama turubai, akatazama kadi, akaelewa. Alikaa juu ya lile lile tairi.

"Usimwambie," alisema, akanirudishia kadi.

"Mama, ugonjwa ulikuwa umechukua majina na barabara tu. Haya mengine nimeyachukua mimi."

"Najua. Usimwambie. Watoto wanavuka."

Onodera alikuwa na wazo tena, huyu hakosi. "Leseni hana sasa," alisema kwa simu. "Irudishe injini ya mzee mahali pake. Roho yako itatulia."

"Akipanda atajua."

"Atajua nini, na hali ile?"

"Atajua kabla hatujafika duka la sake."

Yeye pia alifanya kazi chini ya Baba. "Kweli," alisema. "Atajua." Hakuleta wazo jingine tangu siku hiyo.

Nilifikiria kumwambia kisha nimwache asahau, kwa kuwa siku hizi husahau. Lakini hakuna aliyeweza kuniambia angesahau lipi: kwamba nilidanganya, au kwamba hana leseni. Na kama angekumbuka la kwanza na kusahau la pili, angekuwa barabarani kabla ya chai. Kila mlango niliousukuma ulifunguka kwenye kivuko kile kile. Niliendelea kubadilishia watu oili. Kila mteja akiuliza umegusa nini, nilimjibu kweli, kipuri kwa kipuri.

Mwezi wa kumi, matufaha yalipoiva, Baba alikuja na kofia yake. Alitembea polepole, akiutazama kila mguu kabla ya kuuweka chini.

"Tupande Akaiwa," alisema. "Wewe uendeshe. Gari likikaa linaoza."

Alikaa upande wa abiria, ambako hakuwahi kukaa katika gari lile. Hakujua aweke wapi mikono yake, akaishia kuikalia. Tulipita duka la sake. Tulipita daraja, na gari lilielea juu ya kokoto laini kama godoro.

"Umezisikia?" aliuliza.

"Kokoto?"

"Kokoto."

"Nimezisikia, Baba."

"Ngapi?"

"Nyingi. Upande wa kushoto zaidi."

"Ndiyo, kushoto ndiko zilikokuwa." Aliridhika. Tulianza kupanda. Kwenye kona ya tatu gurudumu la ndani liliteleza kama nilivyojua litateleza, usukani ukalegea mkononi, na nikaona kwa pembe ya jicho bega lake limeshtuka. Alikuwa amelihisi. Mwili wake ulilihisi kabla ya wangu. Aligeuka akautazama uso wangu, si barabara.

"Limeteleza?"

"Halijateleza."

"Limeshika?"

"Limeshika vizuri, Baba. Limevuta ndani kama zamani."

Aligeuka akatazama mbele tena. Bega lilishuka taratibu. "Mimi nimesikia limeteleza," alisema. "Unaona mambo haya. Ungeniacha niendelee ningeua mtu." Kisha akatoa mkono mmoja chini ya paja, akaupapasa ubao wa dashibodi, kama mtu anayeomba radhi. "Haya. Basi wewe uwe unaniambia. Usiache kitu."

Nikamwambia. Nilimwambia jinsi gia ya pili inavyokabidhi ya tatu bila pengo, na jinsi gari linavyokaa sawa kwenye kona bila kuegemea. Mshale ulipogonga elfu sita na nusu injini ikakata pumzi. Nilitoa mguu kimya kimya, nikamwambia sasa ni elfu saba, sasa elfu nane, inaimba. Alifumba macho ili asikie vizuri. Niliendesha gari la bibi wa Kawaba na kumsimulia S, kona kwa kona, kupanda na kushuka, hadi tukafika nyumbani. Pale mlangoni alitoa kadi mfukoni, akaniomba kalamu, akauliza aandike nini kwenye mstari wa injini.